Feni Inayogeuza Upepo: Kombaini Iliyokutana na Vumbi la Kilimatinde

Nianze na ile feni, maana tangu niione sizungumzi kitu kingine. Kombaini iko katikati ya alizeti iliyokauka, injini inanguruma, vumbi limepanda hadi usawa wa kiti cha dereva, na makapi yameanza kunata kwenye wavu wa rejeta. Mara mlio unabadilika. Feni inapunguza kasi, inasita, kisha inaanza kuzunguka kinyume. Wingu zima la makapi linaruka nje kutoka kwenye wavu! Sekunde chache tu, feni inarudi kwenye mzunguko wake wa kawaida, wavu ni mweusi na msafi, mshale wa joto umetulia katikati, na dereva hajainua hata kidole. Mashine inajipepeta yenyewe! Nilipiga kelele mbele za watu, na utingo aliyekaa juu ya magunia akapiga kelele na mimi.

Jina la kampuni naliacha makusudi. Mfumo huu leo unapatikana kwa watengenezaji zaidi ya mmoja, na mwenye shamba aliyenikaribisha alitaka watu waijue mashine, siyo duka. Ninachokisifu hapa ni namna inavyopumua na namna inavyojipoza. Hayo mawili, kwa nchi ya Kilimatinde, ndiyo kombaini yenyewe. Mengine yote ni nyongeza.

Najua wanunuzi wetu wanavyouliza. Ina hospawa ngapi? Inakata upana gani? Tangi la nafaka linabeba magunia mangapi? Maswali mazuri, lakini kwa hapa yanakuja baada ya lile la kwanza: injini hii inapata wapi hewa, na hewa hiyo inafika ikiwa imebeba nini?

Kilimatinde imekaa ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Ukisimama karibu na genge unaliona bonde la Bahi limelala chini, pana, la rangi ya majivu wakati wa kiangazi. Wajerumani walijenga boma lao hapa, na misafara ya kwenda Tabora ilipita nchi hii ya Wagogo muda mrefu kabla reli haijafika. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, halafu mbingu inafunga. Kwa hiyo mtama, uwele na alizeti vinavunwa wakati uleule ardhi inapogeuka unga. Udongo wa juu ni mwekundu wenye mchanga uliotokana na miamba ya granaiti. Mchanga wa namna hiyo umejaa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kisulisuli kimoja kikikatiza shamba, umekula mchanga mchana kutwa.

Sasa iweke injini ya dizeli ndani ya hali hiyo uone hesabu yake. Kila lita moja ya dizeli inahitaji si chini ya lita 10,000 za hewa ili iungue vizuri. Mashine inayokunywa lita 10 kwa saa inavuta lita laki moja za hewa kila saa, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu injini za dizeli hupewa hewa ya ziada. Tena Kilimatinde iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo ili kupata uzito uleule wa hewa injini inabidi ivute nyingi zaidi. Na hapo sijahesabu upepo wa feni ya kupoza, ambao ni mwingi kuliko huo mara nyingi sana.

Ndiyo maana nilipofika, kabla sijapanda kwenye kiti, nilienda moja kwa moja kwenye bomba la kuvutia hewa. Na hapo furaha ikaanza!

Bomba limeinuliwa juu, juu kabisa, kuliko paa la dereva. Mtu anaweza kulipita bila kuliangalia, lakini vumbi zito linatembea chini, na kila nusu mita unayopanda unaacha mchanga mwingi nyuma. Kileleni kuna chujio la awali, lile lenye mapezi ndani yanayoizungusha hewa kwa kasi. Hewa ikizungushwa, chembe nzito zinatupwa pembeni na kudondokea kwenye bakuli la plastiki angavu. Nilisimama nikiliangalia lile bakuli mashine ikifanya kazi. Mchanga mwekundu unaingia, unazunguka ukutani, unashuka. Kwenye bakuli kuna mstari, na vumbi likifika pale dereva analegeza, anamwaga, anafunga. Bakuli lilipomwagwa mbele yangu, mchanga uliotoka ulijaza viganja vyangu viwili. Huo wote ulikuwa safarini kwenda kwenye pistoni!

Baada ya hapo hewa inaingia kwenye nyumba ya filta, na humo kuna filta mbili za karatasi, moja ndani ya nyingine. Ya nje ndiyo inayofanya kazi ya kila siku. Ya ndani ni mlinzi: ya nje ikitoboka, au fundi akiifunga vibaya, ya ndani inasimama kati ya mchanga na injini. Filta za karatasi za namna hii zikiwa nzima zinazuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi. Hiyo asilimia ndogo inayobaki ndiyo vita yote, kwa sababu chembe zinazoua injini ni zile ndogo, za kati ya maikroni 5 na 20 hivi. Unywele wa mtu una unene wa karibu maikroni 70. Chembe hizo hazionekani, ila zinaingia vizuri kabisa kati ya ringi na silinda, zinakwaruza, oili inaanza kupanda juu, moshi wa bluu unatoka, nguvu inapungua, na siku moja mnaambiwa injini inataka kufunguliwa.

Nikamwomba dereva tufanye kile ninachokifanya kwa kila mashine. Tulilegeza klampu ya hospaipu inayotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, nikafunga kitambaa cheupe kwenye kidole, nikapangusa ndani ya bomba, upande ambao hewa imeshachujwa. Kitambaa kilitoka cheupe. Shamba lote ni vumbi, nyusi zangu zimekuwa nyekundu, na ndani ya lile bomba ni kama limetoka dukani leo! Nilimwonyesha mama mwenye shamba. Alikiangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akasema, "Basi mwanangu, injini inakula vizuri kuliko sisi."

Watu wamepigana na jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1915 Frank Donaldson, muuza matrekta wa Minnesota kule Marekani, aliona kwamba trekta aliyokuwa akiiuza inakufa kwa sababu ya vumbi, akaiundia chujio la kwanza la waya na kitambaa. Kampuni iliyobeba jina lake bado inatengeneza vichujio hadi leo. Baadaye yakaja machujio ya oili, yale ambayo mafundi wetu wanayajua vizuri kutoka kwenye Massey Ferguson na Ford za zamani: hewa inapita kwenye bakuli la oili, vumbi linanasa, asubuhi unamwaga tope na kuweka oili nyingine. Nayaheshimu mno machujio yale, yamelima nusu ya nchi hii. Ila yanafanya kazi vizuri injini ikiwa kwenye kasi tu, na ukisahau kubadilisha oili siku mbili za kiangazi umelipa. Karatasi haina hasira hiyo.

Ina masharti yake, hata hivyo, na mafundi wetu wengi wanayavunja kila siku. Filta haipigwipigwi kwenye tairi. Haioshwi kwa petroli. Haipulizwi kwa kompresa ya gereji iliyofunguliwa hadi mwisho. Ukiipuliza, puliza kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha ingiza tochi ndani yake mahali penye giza na uizungushe polepole, na ukiona nukta moja ya mwanga, itupe. Filta ya ndani haisafishwi kabisa. Inabadilishwa. Na filta yenye vumbi kidogo juu yake huchuja vizuri kuliko iliyo mpya, kwa sababu lile tabaka la vumbi lenyewe linanasa vumbi jingine, kwa hiyo kuifungua kila jioni kwa wasiwasi ni kuiharibu. Mashine hii ina kionyeshi kidogo kwenye bomba, ambacho hubadilika kuwa chekundu mvuto ukizidi. Kikiwa hakijageuka, iache!

Turudi kwenye joto, maana huko ndiko nilikokesha.

Nishati ya dizeli, kwa makadirio ya kawaida, inagawanyika karibu mafungu matatu: moja linakuwa kazi, moja linatoka na moshi, na la tatu inabidi liondolewe na maji ya rejeta na oili. Fungu hilo la tatu likikosa pa kwenda, injini inachemsha. Na Kilimatinde ina mtego ambao watu wa pwani hawaujui: kwa sababu ya mwinuko, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kinachokuokoa ni shinikizo la mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko ukichoka, maji yanachemka mapema, na dereva atalaumu jua. Mfuniko ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ni wa kwanza kuuangalia. Halafu maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi. Ukiyajaza kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, gamba jeupe linaota ndani ya mirija na rejeta inaziba kwa ndani, mahali ambapo hakuna feni duniani itakayopafikia. Mwenye mashine hii ameweka kulanti tangu siku ya kwanza na haruhusu ndoo ya kisima ikaribie. Nilimpongeza kwa mikono miwili.

Kuziba kwa nje ndiko kunakosimamisha kazi mchana. Kombaini inapura, inapepeta na kutupa makapi hewani, kisha inavuta hewa hiyohiyo ili ijipoze. Hakuna mashine nyingine ya shambani inayojitesa hivyo. Kwenye mashine za zamani utaratibu unajulikana: mshale unapanda, dereva anazima, utingo anashuka na fagio na dumu la maji, mnasubiri, mnawasha. "Kaka, kule nilikokuwa nafanya kazi zamani tulikuwa tunasimama karibu kila saa," dereva aliniambia. "Mchana wa mtama ndiyo kabisa, unajikuna huku unafagia rejeta."

Wahandisi wamelijibu jambo hili kwa njia kadhaa, na zote zinanisisimua. Kuna wavu wa kuzunguka, unaozunguka mbele ya rejeta huku mdomo wa kufyonza ukilamba makapi kutoka juu yake. CLAAS ya Ujerumani, kwenye Lexion zake kubwa, iliilaza rejeta chali nyuma ya injini, hewa ikavutwa kutoka juu kuliko safi na kusukumwa chini kupitia pembeni, hivi kwamba upepo unaotoka unakuwa pazia la kuzuia vumbi lisipande. Wajerumani wengine, Cleanfix, waliiacha feni izunguke upande uleule lakini mapanga yake yanajipindua yenyewe, na upepo unageuka hapohapo bila kupunguza kasi. Hii ya Kilimatinde inatumia njia rahisi kuelewa: feni inaendeshwa na mota ya haidroliki, na mota ikibadilishiwa njia ya oili inazunguka kinyume. Kwa kuwa haifungwi moja kwa moja kwenye injini kwa mkanda, inaweza pia kwenda taratibu asubuhi ya baridi na kwa nguvu saa nane mchana, na nguvu usiyoitumia kwenye feni inabaki kwenye kupura.

Kuna saa ndani yake inayoigeuza kila baada ya dakika kadhaa, na kuna kitufe karibu na goti la dereva akitaka kuigeuza mwenyewe. Kitufe hicho nilikibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika!

Kilichonivutia zaidi bado ni kile nilichokiona injini ikiwa imezimwa. Kwenye mashine nyingi rejeta ya maji, kipoza oili na kipoza hewa ya tabo vimebanana mfululizo, na makapi yanajaa katikati yake ambako fagio halifiki. Unafagia mbele, mbele panang'aa, injini bado inachemsha. Hapa vipoza viwili vya mbele vina bawaba. Unafungua komeo moja, vinafunguka mpaka nje, na unaona kati yao kila kitu. Utingo alipuliza pale katikati kwa upepo mdogo kutoka upande wa injini, na kikatoka kipande cha makapi kilichosukwa, kizito, cha ukubwa wa kiganja. Kile feni haikuwa imeweza kukitoa. Hivyo feni inayogeuka haimfukuzi kazi mwenye fagio, inampunguzia tu kutoka kila saa hadi jioni.

Jambo ambalo Singida nzima inapaswa kulisikia ni hili la alizeti. Mkoa huu unaishi kwa alizeti, na alizeti ni zao linalochoma kombaini. Ndani ya shina na kichwa chake kuna nyama nyeupe, nyepesi, ambayo ikisagwa kwenye mashine inakuwa unga mwepesi wenye nyuzi. Unga huo unachajika kwa umeme tuli, unang'ang'ania kila kitu, ikiwemo tabo na bomba la moshi. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la South Dakota, Marekani, walipouchunguza waliona kwamba unashika moto kwenye joto la chini kuliko mabaki ya mahindi na soya. Wakajaribu kupeleka hewa safi, iliyovutwa kutoka juu ya vumbi, ipite kwenye upande wa moto wa injini ili unga usitue pale. Yaani hewa safi haihitajiwi na pistoni peke yake. Inahitajiwa na ngozi ya injini pia!

Kwa hiyo niliinama kwenye bomba la moshi la mashine hii na tochi. Limefungwa ngao ya bati, na upepo wa feni ukitoka kwenye rejeta unapita juu yake wakati wote. Palikuwa na vumbi jekundu, lakini ule unga mweupe ulikuwa haujatua. Pembeni, chini ya tangi la dizeli, palikuwa na rundo lake la kutosha, na hapo ningependa kuona bati la kufunika. Mwenye mashine ana mtungi wa kuzimia moto karibu na ngazi na dumu la maji nyuma. Nunueni miwili, mmoja juu na mmoja chini, kwa sababu moto ukianza hautachagua upande ulipo mtungi.

Nchi hii ilishawahi kuzila mashine: upande wa pili wa Dodoma, pale Kongwa, Waingereza walileta matrekta mengi kwa mradi wa karanga kuanzia mwaka 1947. Mengi yalikuwa yametumika tayari, na kabla mwaka huo haujaisha theluthi mbili hivi zilikuwa zimelala. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia visiki hadi madereva wasio na uzoefu, lakini mchanga mkali wa nchi hii kavu ulikula chuma bila huruma, na mradi ukafungwa mwaka 1951. Mchanga huo bado upo. Ndiyo maana nikiona mashine iliyoundwa kwa kudhani kwamba hewa ni chafu, badala ya kudhani ni safi na kushangaa baadaye, moyo unanidunda.

Nina manung'uniko, na nayasema kwa mapenzi. Feni ikigeuka inamtupia makapi yeyote aliyesimama upande ule, na hakuna king'ora cha kumwonya. Utingo wa mashine hii amejifunza kwa macho yake. Komeo la vipoza ni dogo, na kwa mikono yenye jasho na oili linateleza. Bakuli angavu la chujio la awali litapauka kwa jua la huku, na likipauka dereva hataona mstari. Mota ya haidroliki inataka oili safi, safi kwelikweli, hivyo dumu la oili lililofunguliwa na kuachwa shambani lisirudi kwenye tangi. Na klampu za hospaipu ni za skrubu za kawaida, zinazolegea kwa mtikisiko. Mashine inayochuja hewa kwa uangalifu wote huo ilistahili klampu bora zaidi, kwa sababu ufa mdogo baada ya filta unaibatilisha filta yenyewe.

Mwezi ujao, mama mwenye shamba anasema, wataishusha bondeni upande wa Bahi kwenye mpunga. Huko vumbi ni la kijivu, la chumvi, na asubuhi majani yana umande, hivyo makapi yatanata kwenye wavu yakiwa mabichi. Hapo ndipo nitajua kama kugeuza upepo kunatosha kuondoa kitu kilichonata, au kama itabidi wavu uwe na brashi. Natamani niwepo!

Kwa waagizaji nina ombi moja. Filta ya nje ya mashine hii inapatikana, lakini ya ndani inaagizwa Dar es Salaam, na mwenye mashine akisubiri wakati alizeti inapukutika atashawishika kuipuliza ile ya zamani na kuirudisha. Iwekeni Manyoni mjini, kwenye rafu, mbili mbili kwa kila mashine mliyouza, kabla ya Mei.